Tafuta Kero Ambayo Mtu Ameshaanza Kuigharamia

Wengi wanaokuja kwenye kitengo chetu cha ushauri wa biashara huuliza swali moja: "Biashara gani inalipa siku hizi?" Naelewa kwa nini wanaliuliza, ila swali hilo huwafanya wawatazame wanaouza tu. Mmoja akifanikiwa, wengine humwiga palepale, na wateja walewale wanagombaniwa mpaka faida inakwisha.

Mtazame anayehangaika. Nani anarudia kazi ileile mara mbili? Nani anapoteza nusu siku kwa jambo la dakika chache? Nani ameshajitengenezea njia ya kubahatisha ili mambo yaende? Mtu akishaanza kutumia fedha na nguvu zake kulizunguka tatizo, ujue uhitaji upo. Kinachokosekana ni suluhisho bora kuliko alilonalo.

Wazo peke yake bado si fursa. Linakuwa fursa pale wanapopatikana watu wenye kero hiyo, wanaoweza kulipa bei itakayokuachia faida, na mazingira yanayoruhusu huduma au bidhaa hiyo itumike. Hilo la mazingira hupuuzwa mno, ndiyo maana napenda kueleza habari za Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, aliyebuni mashine ya kuoshea vyombo. Watumishi wake walikuwa wakimega kingo za vyombo vyake vya kauri wakati wa kuviosha. Mumewe alipofariki mwaka 1883 akimwachia madeni, mama huyu aliamua kuitengeneza mashine aliyokuwa akiifikiria. Alipima sahani na vikombe, akasuka vyumba vya waya vya kukaa kila kimoja, akavipanga kwenye gurudumu ndani ya chombo kikubwa cha shaba. Gurudumu lilizunguka huku maji ya moto yenye sabuni yakirushwa kwenye vyombo. Alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, Desemba 1886.

Alitarajia wanunuzi wawe kina mama wa nyumbani. Wengi wao hawakununua. Mashine ilikuwa ghali, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Walionunua ni hoteli na migahawa, ambako vyombo vilirundikana kila siku na ujira wa waoshaji ulionekana kwenye hesabu. Kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, migahawa iliyokuwa pale ilitumia mashine zake. Majumbani ziliingia kwa wingi baadaye sana, miaka ya 1950, yeye akiwa ameshafariki. Kero ilikuwa ileile, vyombo vichafu, lakini mwenye kuilipia alikuwa mwingine kabisa.

Mawazo yenyewe yatoke wapi? Anza na kazi unayoijua, kwa sababu humo unaziona kasoro ambazo mgeni hazioni. Weka daftari la malalamiko, ukiandika nani kalalamika, alikuwa anafanya nini, na alijiokoa vipi. Kisha fuatilia mabadiliko: sheria mpya, teknolojia iliyoshuka bei, watu wanaohamia mahali au wanaozeeka. Kila badiliko huwaacha watu na shida ambayo jana hawakuwa nayo.

Mkiwa kikundi, msikimbilie kujadili. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha watu waliobuni mawazo pamoja na idadi ileile ya watu waliobuni kila mmoja peke yake. Mawazo ya waliokaa peke yao, yalipojumlishwa, yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo kila mtu aandike kwanza kimya, kisha orodha ziunganishwe, ndipo mjadala uanze. Hata mwenye aibu atasikika.

Baada ya hapo nenda kwa watu, na uwe mwangalifu na namna unavyouliza. Ukisema "Nikileta kitu hiki utanunua?" wengi watajibu ndiyo kwa sababu ya utu tu. Uliza yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho ulipopatwa na shida hii ulifanyaje? Ilikugharimu nini? Uliwahi kutafuta msaada? Asiyekumbuka mara ya mwisho, huenda shida hiyo haimsumbui kiasi cha kufungua pochi.

Kabla ya kukopa mtaji, toa huduma kwa watu wachache kwa vifaa ulivyonavyo, na uombe malipo ya awali. Wakikusifu bila kulipa, usiongeze bidhaa wala usipunguze bei kwanza. Rudi kwenye daftari, utafute ni nani mwingine ana kero hiyohiyo na anaumia zaidi.