Pampu inayolia kama imemeza changarawe

"Fundi, nimeambiwa ninunue pampu kubwa zaidi." Ndivyo alivyonipokea mzee mmoja mwenye shamba la zabibu kule Hombolo, Dodoma, Septemba, kisima chake kimeshuka na mizabibu inangoja maji. Pampu ile ilikuwa ya mdogo wake wa Bagamoyo, na huko haikuwahi kusumbua. Ilipofika huku ikaanza kulia kama imemeza changarawe, maji yanakuja kwa kusitasita.

Sikufungua nati hata moja. Nilianza kufunga taratibu valvu ya upande wa kusukuma, maji yanakotokea, robo, kisha karibu nusu. Kelele ikanyamaza. Mzee akashangaa: umepunguza maji, pampu imepona?

Ndiyo, na hapo ndipo ugonjwa unapojionyesha: pampu ilikuwa inataka maji mengi kuliko yanayoweza kuifikia. Impela, lile gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu, inapozunguka inarusha maji pembeni, katikati yake presha inashuka, na uzito wa hewa iliyo juu ya kisima ndio unaoyapandisha maji bombani. Pampu yenyewe haina mkono wa kuyavuta. Pwani, hewa hiyo inaweza kusimamisha safu ya maji ya kama mita 10.3. Dodoma tuko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na safu inaishia karibu mita 9. Umeshapoteza mita moja na ushee kabla hujawasha swichi.

Tukapiga hesabu juu ya mfuko wa saruji. Katika mita 9, toa mita 0.4 kwa sababu ya joto la maji. Toa mita 3 ambazo kitabu cha pampu ile kinazidai kwenye mdomo wa kuingilia. Toa mita 2 zinazoliwa na msuguano wa bomba la kuvutia, maana alifunga la inchi moja na nusu kwenye mdomo wa inchi mbili ili aokoe pesa. Inabaki mita 3.6 za kuyapandishia maji. Tukashusha kamba yenye jiwe: kutoka pampu hadi maji, mita 5.

Deni hilo pampu inalilipa kwa mwili wake. Presha ikishuka mno, maji yanachemka yakiwa baridi. Viputo vinazaliwa kwenye mdomo wa impela, vikifika penye presha vinapasuka kwa nguvu, na mipasuko hiyo inamega chuma chembe kwa chembe. Nilipoifungua, mapanga ya impela yalikuwa na vishimo kama ubao ulioliwa na mchwa.

Sasa fikiria angenunua kubwa. Maji mengi zaidi yangepita kwenye bomba lilelile, na maji yakiongezeka mara mbili msuguano unakaribia mara nne. Mahitaji ya pampu mlangoni nayo yangepanda. Angelipa zaidi apate kelele zaidi. Inaniuma, maana ushauri huu nausikia karibu kila shamba ninalokwenda.

Tulichofanya ni kumwaga kitako cha zege cha kukalia pampu ndani ya kisima, mita 2 chini, na kuweka bomba la kuvutia la inchi mbili lenye kona moja badala ya tatu. Upana huo peke yake unapunguza msuguano hadi karibu robo. Pampu, tukaibakiza ileile, impela tu ndiyo mpya. Na tafadhali, valvu ya kupunguza maji isiwekwe upande wa kuvuta hata siku moja.

Wengine huniuliza kuhusu kifaa cha kupunguza kasi ya mota. Ni kizuri: ukishusha kasi kwa asilimia 20, umeme unaotumika unashuka hadi kama nusu. Lakini urefu wa kusukuma nao unashuka hadi asilimia 64, kwa hiyo kwenye kisima kirefu cha kuchimbwa maji yanaweza yasifike juu kabisa. Kifaa hicho kinafaa zaidi pale ambapo presha kubwa inaliwa na urefu wa mabomba, si na mlima wa kupandisha.

Mzee nimemwachia geji mbili za presha, moja kila upande wa pampu, na namba za siku ya kwanza ameziandika kwa chaki ukutani. Oktoba maji yatashuka tena. Kamba yenye jiwe ameitundika karibu na swichi.