“Leseni nilinunua pamoja na duka”: dhana potofu za wanaonunua maduka ya dawa

Wiki jana mtu wa nne mwaka huu aliketi mbele yangu hapa Kisumu akasema maneno yaleyale: “Daktari, leseni nilinunua pamoja na duka.” Ni mwalimu mstaafu, na kiinua mgongo chake karibu chote kimeingia kwenye duka moja la dawa kule Kondele. Nikaomba kuona mkataba. Karatasi moja, sahihi mbili, wakili hayupo: “rafu, friji, stoki, tili ya M-Pesa na leseni.” Laiti angenipigia simu kabla ya kutia sahihi, hata saa sita usiku ningepokea.

Leseni haiuzwi. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, haimruhusu mtu kuuza dawa kwa sababu ana rafu na kaunta. Jengo lazima lisajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu, na ndani yake lazima awepo mtaalamu mwenye leseni yake mwenyewe, mfamasia au mwanateknolojia wa famasia, anayesimamia hapo na si kwingine. Duka likipata mwenyewe mpya, usajili hauhami pamoja na funguo; unaomba upya. Mtaalamu akiondoka, anaondoka na leseni yake, kwa kuwa ni yake. Tena hizi ni karatasi za mwaka mmoja mmoja, zinakwisha tarehe 31 Desemba. Anayelipa bei ya “duka lenye leseni” mwezi wa Novemba amelipia wiki chache, na hata hizo si zake.

Jioni ileile nilienda na mwalimu dukani. Cheti kilikuwa nyuma ya kaunta, kioo kimejaa vumbi la barabara. Nikasoma jina, nikamwuliza msichana anayeuza, “Huyu yuko wapi?” Akatazama chini. “Yuko Eldoret, daktari. Hutumiwa pesa mwisho wa mwezi.” Nikasogea kusoma tarehe. Leseni ilikuwa ya mwaka juzi.

Huko ndiko kukodisha cheti, na nimechoka kuambiwa kwamba kila mtu hufanya hivyo. Wakaguzi wakija hawamtafuti wa Eldoret. Wanamkuta msichana wa kaunta na wewe mwenye duka, dawa zinapakiwa kwenye katoni, mlango unafungwa, na kodi ya nyumba inaendelea kuhesabiwa. Anayeumia kabla yenu nyote ni mgonjwa aliyekuwa akihudumiwa na mtu asiyefunzwa kazi hiyo.

Ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia hadi nistaafu: tafuta mtaalamu kabla ya kutafuta duka. Kubalianeni mshahara, au mpe hisa, kisha nenda naye kukagua unachotaka kununua. Atafungua droo ambazo wewe usingejua kuzifungua. Na ukitaka kulijua duka, lipitie saa nane mchana siku ya kazi bila kutangaza, uulizie aliyeandikwa ukutani.

Dhana ya pili ni ndugu ya hiyo: “Nitaweka mfumo wa kompyuta, basi nitahitaji mtu wa kuuza tu.” Mifumo naipenda, na duka langu mwenyewe naliendesha nayo. Inahesabu stoki, inaonya dawa zinazokaribia kuisha muda, inalinganisha pesa za M-Pesa na mauzo ya siku, inatoa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kipimajoto cha friji kinachotuma ujumbe kwenye simu. Insulini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa joto la Kisumu stima ikipotea usiku hutajua hadi asubuhi. Iliyoganda nayo ni ya kutupwa, hata ikionekana safi kama maji. Hiyo ni kazi ya mashine, iachie.

Lakini mama mmoja alikuja kutoka upande wa Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, akiomba Flagyl. Kompyuta ilisema zipo, bei hii hapa. Mwenzangu akauliza, “Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?” Akatoa kwenye mkoba kipakiti cha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zikitumiwa pamoja bila kufuatiliwa, Flagyl huongeza nguvu ya warfarini na mtu anaweza kuvuja damu kwa ndani. Hakuuziwa. Mwenzangu alimpigia daktari wake, mama akiwa ameketi kwenye benchi. Mfumo huonya tu ikiwa mtu ameuliza kwanza.

“Stoki ni ya laki nane, imo kwenye kompyuta.” Kompyuta husema ilichoambiwa. Hesabu kwa mkono, boksi kwa boksi, na usome tarehe. Zilizoisha muda hazitupwi jalalani, zinaharibiwa kwa utaratibu na gharama ni yako. Ukikuta pakiti zenye chapa ya GOK, ondoka hapo upesi, maana hizo ni dawa za hospitali za serikali na hazitakiwi kuuzwa. Kila boksi liwe na ankara ya msambazaji.

“Tili nimeachiwa.” Tili imesajiliwa kwa mtu, na pesa zinaingia kwake. Fungua yako siku ya kwanza.

“Duka dogo halihusiki na sheria ya data.” Kanuni za 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wadogo kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini si wanaohudumia wagonjwa. Ukishaanza kuhifadhi majina na dawa za wateja kwenye mfumo wako, jisajili. Na usimpe kila mfanyakazi nywila moja. Nimeona nywila imebandikwa kwenye skrini, mteja anaisoma akingoja chenji.

“Ankara za eTIMS ni za wakubwa.” Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki unapokokotoa kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa. Maana yake, hata unaponunua dawa kwa jumla, idai.

Mwalimu amefunga duka kwa sasa, na nilimsihi afunge. Amempata mwanateknolojia kijana mwenye leseni ya mwaka huu, aliye tayari kukaa Kondele kila siku. Jumamosi saa mbili asubuhi tunakutana hapo watatu, na daftari, kuhesabu stoki kabla ya kuomba usajili mpya.