Kumrekodi mchoraji ambaye pia ni mwanasamba

Heitor dos Prazeres wa Rio de Janeiro (1898–1966) alijulikana kama seremala, mpiga kavakinyo (gitaa dogo) na mtunzi wa samba kabla ya kushika brashi miaka ya 1930. Mwaka 1951 mchoro wake Moenda ulipata tuzo katika Bienal ya kwanza ya São Paulo, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, na mwaka 1965 Antonio Carlos da Fontoura akamtengenezea filamu fupi. Msanii wa aina hii huwapa shida watengenezaji wengi, kwa sababu huigawa filamu vipande viwili: dakika sita za rangi, kisha dakika sita za muziki. Matokeo yake ni filamu mbili zilizoshonwa pamoja, na mshono unaonekana.

Tazama michoro yenyewe. Watu wake karibu wote wameonyeshwa uso kwa upande, wameinua vichwa, wamesimama kwa ncha za vidole. Ngoma imeshaingia kwenye turubai, kwa hiyo sauti ya samba ianze tukiwa bado tunautazama mchoro, na mpigaji aonekane baadaye. Msimulizi wa kutueleza kwamba "pia alikuwa mwanamuziki" hahitajiki hapo.

Mchoro wenye vanishi una ukaidi wake, maana hung'aa na kuurudisha mwanga kwenye kamera. Weka taa mbili zinazofanana, moja kila upande, kwa nyuzi 45, umbali sawa. Simamisha penseli wima katikati ya turubai: vivuli viwili vikilingana kwa urefu na weusi, mwanga umekaa sawa. Lenzi iwe ya milimita 50 au zaidi kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), maana lenzi pana hupinda kingo za mchoro. Anayetoka Afrika Mashariki akumbuke kwamba umeme wa Brazil ni hezi 60, siyo 50 kama wetu. Kasi ya shata ya sekunde 1/50 iliyozoeleka huku inaweza kuleta michirizi chini ya taa za ukumbini, tumia 1/60.

Kwenye muziki, kosa kubwa ni kumrudisha msanii apige wimbo mara nne ili upate pembe nne. Kasi hubadilika kila mara, na vidole kwenye nyuzi nne za kavakinyo havitalingana na sauti. Afadhali kamera mbili na wimbo mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho, na kofi moja mwanzoni la kulinganishia picha na sauti. Surdo, ngoma kubwa ya besi, ipewe maikrofoni yake, na vilele vya sauti visipite takriban desibeli 12 chini ya sifuri, yaani kikomo cha juu cha kinasa sauti. Sauti iliyopasuka haitengenezeki. Samba huhesabiwa mbili-mbili, na pigo zito la surdo ni la pili. Mhariri aliyezoea kukata kwenye pigo la kwanza atashangaa kwa nini picha zake zinachechemea.

Halafu kuna hakimiliki, na ruhusa ya mchoro si ruhusa ya wimbo. Sheria ya Brazil hulinda kazi miaka 70, ikihesabiwa kuanzia Januari 1 ya mwaka unaofuata kifo cha mtunzi. Wimbo Pierrô Apaixonado Heitor aliutunga pamoja na Noel Rosa, aliyefariki 1937. Usihesabu kwa Noel. Kazi ya pamoja isiyogawanyika hufuata aliyefariki mwisho, yaani Heitor, kwa hiyo wimbo huo una wenyewe hadi mwisho wa 2036.