Chuo Kipi ni Kikubwa Zaidi katika Mpira wa Kikapu wa Marekani? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila ifikapo Machi, vyuo vya Marekani vinapoingia kwenye mtoano wa kutafuta bingwa wa taifa, mjadala uleule huibuka popote walipo wapenzi wa mpira wa kikapu: ni chuo kipi kilicho kikubwa kuliko vyote tangu mchezo huu uanze? Kwetu Tanzania mjadala huu ulipata nguvu kwa sababu ya kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyeichezea Connecticut kuanzia mwaka 2006, akaingia nayo hatua ya nne bora mwaka 2009, na mwaka huohuo akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani zoezi ambalo timu za ligi kuu ya kulipwa ya Marekani huchagua wachezaji wapya. Tangu hapo wengi wetu tumekuwa na chuo tunachokishabikia, na pamoja na ushabiki huo tumebeba madai kadhaa ambayo yamerudiwa mno hadi yanaonekana kuwa kweli.

Kabla ya kuyagusa, ni vema tukubaliane tunapima nini. Wamarekani wanapozungumzia programu ya mpira wa kikapu ya chuo fulani, hawazungumzii kikosi cha msimu mmoja, kwa kuwa mchezaji huondoka baada ya miaka michache na kocha naye hustaafu. Wanazungumzia nyumba yenyewe: namna chuo kinavyosajili, kinavyorithisha kazi kutoka kwa kocha mmoja hadi mwingine, na kinavyoendelea kushinda baada ya walioijenga nyumba hiyo kuondoka. Mimi ninapima kwa hicho cha mwisho kuliko kingine chochote. Hesabu za vikombe nitakazozitaja ni za hadi mwaka 2025.

Dhana potofu: UCLA ina vikombe 11, kwa hiyo hakuna cha kujadili

Hesabu ni sahihi. UCLA ya Los Angeles imetwaa ubingwa wa wanaume wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, mara 11, na hakuna chuo kingine kilichofikia idadi hiyo. Hata hivyo, vikombe 10 kati ya hivyo vilipatikana ndani ya miaka 12 tu, kuanzia 1964 hadi 1975, vyote chini ya kocha mmoja, John Wooden. Saba kati yake vilifuatana, kuanzia 1967 hadi 1973, na katikati ya mfululizo huo kikosi chake kilishinda michezo 88 bila kupoteza hata mmoja, hadi Notre Dame walipokifunga 71 kwa 70 mnamo Januari 1974. Wooden alipostaafu mwaka 1975, chuo hicho kilisubiri miaka 20 kupata kombe jingine, la mwaka 1995, na baada ya hapo hakikupata tena, ingawa kilifika nne bora mara tatu mfululizo kuanzia 2006 hadi 2008.

Ninachokisema hapa hakimpunguzii Wooden chochote. Alifika UCLA mwaka 1948 na kombe la kwanza akalipata katika msimu wake wa 16, jambo ambalo viongozi wengi wa vyuo vya leo wasingekuwa na subira ya kulingoja. Ukitaka kuona ukubwa wa alichokijenga, tazama mchezo mmoja usiohesabiwa popote. Novemba 1965 UCLA ilikuwa imetwaa ubingwa mara mbili mfululizo, na ikaamua kuufungua ukumbi wake mpya wa Pauley kwa mchezo baina ya kikosi chake cha kwanza na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, ambao kwa kanuni za wakati huo hawakuruhusiwa kucheza katika kikosi cha kwanza. Wanafunzi hao waliwafunga mabingwa 75 kwa 60. Kati yao alikuwamo kijana mrefu kutoka New York, Lew Alcindor, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, na peke yake alifunga pointi 31. Kwa hiyo swali la kipindi kipi kilikuwa kikubwa kuliko vyote lina jibu, nalo ni UCLA ya Wooden. Swali la nyumba ipi ni kubwa zaidi ni jingine.

Dhana potofu: vikombe vya zamani vilikuwa vya bei rahisi

Wanaotaka kuipunguza UCLA hukimbilia hoja hii. Wanasema kwamba siku hizi mashindano yana timu 68 na bingwa hushinda michezo sita, ilhali enzi zile mara nyingi UCLA ilishinda minne tu. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Hadi mwaka 1974 kila ligi ya vyuo iliruhusiwa kupeleka timu moja pekee, yaani bingwa wake, na timu iliyoteleza nyumbani haikuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Mwaka 1971, Southern California ilimaliza msimu ikiwa imeshinda michezo 24 na kupoteza miwili, na yote miwili iliipoteza mbele ya UCLA, ikabaki nyumbani. Mwaka 1974 Maryland, ambayo ilikuwa miongoni mwa timu bora kabisa nchini, ilifungwa 103 kwa 100 na North Carolina State katika fainali ya ligi yao baada ya muda wa nyongeza, nayo haikuingia kwenye mashindano. North Carolina State ikaenda kutwaa kombe la taifa. Mwaka uliofuata milango ilipanuliwa hadi timu 32. Ilipofika 1985 zikawa 64. Bingwa wa leo ana ngazi nyingi za kupanda, lakini anaweza kufungwa mara tisa kabla ya Machi na bado akaalikwa. Bingwa wa jana hakuwa na nafasi hiyo.

Dhana potofu: kombe la NCAA ndilo lililokuwa kipimo tangu mwanzo

Mashindano ya NCAA yalianza mwaka 1939 yakiwa na timu nane, na Oregon ndiyo iliyoshinda. Mwaka mmoja kabla yake yalikuwa yameanzishwa mashindano ya NIT huko New York, yaliyochezwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, na kwa miaka mingi hayo yalikuwa na heshima sawa, na kwa macho ya baadhi ya watu, heshima zaidi. Mwaka 1944 Utah walichagua kwenda NIT, wakatolewa na Kentucky mapema, kisha wakaitwa NCAA kujaza nafasi ya Arkansas waliojitoa baada ya ajali ya gari, na wakatwaa ubingwa. Mwaka 1950 City College ya New York ilitwaa vikombe vyote viwili katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tena. Hata mwaka 1970, kocha Al McGuire wa Marquette aliukataa mwaliko wa NCAA kwa kutoridhishwa na kanda aliyopangiwa, akaenda NIT na kushinda.

Yako pia mabango yaliyotundikwa kwenye kumbi kwa ajili ya ubingwa uliopatikana mezani. Taasisi ya Helms ya Los Angeles ilikaa miaka mingi baadaye ikateua mabingwa wa misimu iliyopita, na kwa uteuzi huo Kansas hujihesabia 1922 na 1923, na North Carolina hujihesabia 1924. Vikosi hivyo vilikuwa vizuri, sina shaka, lakini hakuna mchezo uliochezwa kuamua jambo hilo, na mimi sivihesabu.

Dhana potofu: Kansas ilikuwa kubwa tangu siku ya kwanza kwa sababu mwanzilishi wa mchezo ndiye aliyekuwa kocha wake

James Naismith aliubuni mchezo huu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, na mwaka 1898 akawa kocha wa kwanza wa Kansas. Alishinda michezo 55 na kupoteza 60, na hakuna kocha mwingine wa Kansas ambaye hesabu yake imebaki upande wa kupoteza. Nyumba ile ilijengwa na mwanafunzi wake, Phog Allen, ambaye ukumbi wa chuo umepewa jina lake.

Dhana potofu: mabingwa wa miaka ya 1940 na 1950 waliwashinda wote waliokuwapo

Hapa ndipo orodha nyingi zinaponiuma, kwa kuwa huhesabu vikombe vya enzi hizo kana kwamba kila mtu alikuwa na nafasi ya kuvigombea. Vyuo vya kusini mwa Marekani havikuwasajili vijana weusi, na baadhi havikukubali hata kucheza dhidi yao. Mississippi State, chuo cha weupe watupu wakati huo, kilitwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 1959, 1961 na 1962, na mara zote tatu kikakataa kwenda kwenye mashindano ya taifa kwa kuepuka kukutana na wachezaji weusi. Mwaka 1963 ndipo kilipotoroka jimboni kwake kukwepa amri ya mahakama, kikafika Michigan kucheza na Loyola ya Chicago, ambayo wanne kati ya watano walioanza walikuwa weusi. Loyola ilishinda 61 kwa 51, kisha ikatwaa kombe.

Sasa mtazame John McLendon. Alisoma Kansas kuanzia mwaka 1933, akafundishwa na Naismith mwenyewe, lakini kwa rangi yake hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Akawa kocha katika chuo cha weusi huko Durham, North Carolina. Asubuhi ya Jumapili moja ya Machi 1944, wakati watu wengi wa mji walikuwa kanisani, wanafunzi weupe wa shule ya udaktari ya Duke waliingia chuoni hapo kimyakimya, na milango ya ukumbi ikafungwa kwa ndani ili polisi wasijue. Vijana wa McLendon walishinda 88 kwa 44. Walipomaliza, badala ya kuagana, walichanganyika wakagawana timu mbili, weusi na weupe upande mmoja, weusi na weupe upande wa pili, wengine wakiwa na fulana na wengine vifua wazi, wakacheza tena. Baadaye McLendon aliipeleka Tennessee A&I kwenye mashindano ya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na kutwaa kombe mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Ni orodha ngapi za vyuo vikubwa zinazokitaja chuo hicho?

Kentucky, ambayo nitaisifu baada ya muda mfupi, inahusika sana na jambo hili. Machi 19, 1966, katika fainali iliyochezwa Maryland, kocha wake Adolph Rupp aliingia na kikosi cha weupe watupu, na kocha Don Haskins wa Texas Western akaanzisha weusi watano, ambapo hadi mwisho hakumwingiza mchezaji yeyote asiye mweusi. Mlinzi Bobby Joe Hill aliupora mpira mikononi mwa Kentucky, akakimbia nao peke yake hadi kikapuni akafunga. Kentucky wakaanza upya, akaupora tena na kufunga tena. Matokeo yalikuwa 72 kwa 65. Texas Western ina kombe hilo moja tu la taifa, lakini katika uzani wangu linazidi makombe mengi ya waliolitwaa mara mbili na tatu. Kentucky haikuwa na mchezaji mweusi uwanjani hadi msimu wa 1970–71.

Na bado, ukipima nyumba, Kentucky ndiyo ninayoiweka ya kwanza kwa wanaume. Vikombe vyake vinane vimeletwa na makocha watano tofauti: Rupp, Joe B. Hall, Rick Pitino, Tubby Smith na John Calipari, kuanzia 1948 hadi 2012. Doa la rangi linabaki, na linabaki pia doa la kashfa ya kamari na malipo haramu iliyosababisha msimu mzima wa 1952–53 ufutwe. Nyuma yake naweka North Carolina, yenye vikombe sita vya makocha watatu, kisha Connecticut, yenye sita vya makocha watatu ndani ya miaka 25 tu. Duke ina vitano, na vyote ni vya Mike Krzyzewski. Ubora wake hauna ubishi, lakini jaribio la kuishi bila mwasisi limeanza mwaka 2022 alipostaafu.

Dhana potofu: chuo kikubwa ni kile kinachotoa nyota wa NBA

Pete Maravich alifunga wastani wa pointi 44.2 kwa mchezo akiwa chuo cha LSU (Louisiana State), na LSU haikuingia mashindano ya NCAA hata mara moja katika miaka yake. Shaquille O'Neal naye alipita hapohapo bila kufika nne bora. Thabeet wetu alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya Big East mara mbili, mwaka 2008 na 2009, na hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ya mchezo inayoihusu Connecticut. Kuchaguliwa wa pili kwenye drafti, na kilichofuata huko NBA, havikiongezei wala havikipunguzii chuo kitu.

Dhana potofu: mjadala huu ni wa wanaume

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, kwa sababu wanaoishikilia hata hawajui kwamba wanaishikilia. Pat Summitt alikabidhiwa timu ya wanawake ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22, akawa anafua jezi za wachezaji na kuliendesha gari la timu mwenyewe. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na vikombe vinane na ushindi 1,098. Kocha Geno Auriemma alipofika Connecticut mwaka 1985, timu ya wanawake ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu katika historia yake ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hadi 2025 ilikuwa na vikombe 12. Ilishinda michezo 111 mfululizo, hadi Machi 31, 2017, ambapo Morgan William wa Mississippi State, msichana wa takriban sentimita 165, aliutupa mpira juu ya mikono ya mabeki saa ya muda wa nyongeza ikiisha, ukaingia, ikawa 66 kwa 64.

Ukijumlisha wanaume na wanawake, Connecticut ina vikombe 18, na ni chuo pekee kilichowahi kutwaa vyote viwili katika mwaka mmoja. Mwaka 2004 wanaume walishinda Jumatatu na wanawake wakashinda Jumanne. Miaka 10 baadaye, mwaka 2014, wanaume waliifunga Kentucky 60 kwa 54 siku ya Jumatatu, na usiku uliofuata wanawake wakaifunga Notre Dame 79 kwa 58. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni nyumba ipi kubwa kuliko zote, bila kutaja wanaume wala wanawake, ninamtajia Connecticut, na Kentucky ya pili.