Laibrari haipo, au haionekani tu?

Jumatatu niliitwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kwenye duka la mama mmoja la spea za baiskeli. Shikamoo yangu iliitikiwa kwa haraka. "Marahaba mwanangu, kompyuta imegoma. Tangu jana nauza kwa daftari." Kijana wake alikuwa amepandisha mfumo wa kompyuta, Ubuntu (aina ya Linux), kutoka 20.04 kwenda 22.04, na programu ya stoo ikakataa kufunguka. Kwenye ikoni ilikuwa haisemi kitu. Nikaiita kupitia terminali, dirisha la kuandika amri, ikatema huu mstari:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Wengi wakiona "error" huishia hapo, wakaifuta programu na kuisakinisha upya mara tatu. Neno lenye kazi pale ni jina la faili tu. Programu haibebi kila kitu tumboni. Mambo kama usimbaji fiche huazima kwenye laibrari za mfumo (kazini tunasema laibrari, maana ukisema maktaba mteja anafikiria vitabu). Programu inapoanza, kipakiaji cha Linux, ld.so, ndiye anayezitafuta kwa majina, moja moja. Akikosa hata moja, programu haiondoki.

Nikapiga ldd, amri inayoorodhesha laibrari zinazohitajika, kwenye programu ile. Mbili zilikuwa na "not found" mbele yake: libssl.so.1.1 na mwenzake libcrypto.so.1.1. Angalizo dogo: usiipige ldd kwenye faili usilolijua lilikotoka, kwa sababu inaweza kuliendesha. Tumia readelf -d, usome mistari ya NEEDED.

Kijana akauliza, "Kaka, si tutengeneze kiungo tu, jina la 1.1 lielekee kwenye libssl.so.3? Nimeona mtandaoni." Nami nimewahi kuifanya hiyo, tena nikajiona bingwa kwa dakika mbili. Nikamwacha ajaribu kwenye folda ya pembeni. Jibu likaja papo hapo: version `OPENSSL_1_1_0' not found. Ile namba baada ya .so si pambo. Waandishi wa laibrari huibadilisha pale vitu vya ndani vinapoacha kuoana na programu za zamani. Mama alikuwa anasikiliza huku anahesabu spoku. "Kwa hiyo umeandika kumi juu ya nati ya kumi na mbili," akasema. Sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3 (OpenSSL ndiyo yenye libssl na libcrypto), na libssl1.1 haimo kwenye hazina yake ya vifurushi. Sikutaka kuokota kifurushi cha toleo la zamani na kukichomeka kwenye mfumo mzima. Nilikompaili OpenSSL 1.1.1, yaani niliijenga kutoka kwenye msimbo wake, ndani ya folda yake chini ya /opt, nikaandika skripti fupi inayoweka LD_LIBRARY_PATH (njia ya ziada ya kutafutia laibrari) kwa programu ile peke yake. Usiiweke hiyo kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila ukifungua terminali, utakuja kunitafuta. Nilimwambia mama wazi kuwa 1.1.1 iliacha kutunzwa bure Septemba 2023, kwa hiyo kompyuta ile isitumike kwa mambo ya benki.

Si kila kesi iko hivi. Mara nyingi laibrari inapatikana, ila hujui kifurushi chake. Kwenye Debian na Ubuntu, apt-file search pamoja na jina la faili itakutajia. Kwenye Fedora, Linux nyingine, ni dnf provides. Kwenye Mac, otool -L hufanya kazi ya ldd.

Nyingine ipo kwenye diski lakini haionekani. Umekompaili mwenyewe, imekaa /usr/local/lib, na ld.so hana habari nayo. Sudo ldconfig inatosha kwenye Ubuntu. Fedora kwanza uiongeze njia hiyo kwenye /etc/ld.so.conf.d.

Inayochanganya kuliko zote ni ile ya programu ya biti 32. Unaita faili, ls inakuonyesha lipo, bash ya 22.04 inasema halipo. Kisichokuwepo ni kipakiaji chake, si lenyewe. Amri ya file itakuambia ni biti ngapi, kisha dpkg --add-architecture i386, apt update, na apt install libc6:i386.

Na ukikwama wakati wa kukompaili, kwa mfano "cannot find -lxml2", laibrari yenyewe inaweza kuwa ipo tayari. Unachokosa ni kifurushi cha wajenzi: libxml2-dev, au libxml2-devel kwa Fedora.

Pale Ngamiani programu inafunguka. Aliyeitengeneza ameahidi toleo jipya "wiki ijayo", na mama ameniambia daftari halitupi.