Je, wajua seli ya punda hujuaje pa kushika kromosomu?

Punda anayevuta mkokoteni wa maji mitaani Nakuru ana jozi 31 za kromosomu, yaani vifurushi vya DNA. Seli yake inapogawanyika, kila kromosomu hushikwa na nyuzi mahali maalum, ikavutwa. Mahali hapo ndipo sentromea.

Wengi huamini kwamba sentromea imeandikwa kwenye DNA yenyewe, yaani kuna mfuatano wa herufi unaosema "shika hapa". Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Sentromea za binadamu hukaa juu ya kipande cha herufi kama 171 kinachorudiwa maelfu ya mara. Za panya, kipande cha herufi 120. Lakini vipande hivyo havifanani, ilhali kazi ni ile ile. Mwaka 1993 watafiti wa Australia walieleza kromosomu ya 10 ya binadamu iliyopoteza marudio yake, ikaota sentromea mahali pengine na kuendelea kugawanywa. Mwaka 2009 jinomu ya farasi, yaani DNA yake yote, ilionyesha kwamba sentromea ya kromosomu yake ya 11 haina marudio kabisa, na farasi huyo ni mzima. Punda ndiye kiboko: jozi 16 kati ya zile 31 ziko hivyo!

Basi alama ni nini? Ni protini iitwayo CENP-A, mojawapo ya zile ambazo DNA huzungushiwa. Fikiria steji ya matatu isiyo na kibao. Gari husimama pale kwa sababu abiria wapo, na abiria huja kwa sababu gari husimama. Nusu yao wakiondoka, waliobaki wanatosha kuwavuta wengine. Seli ikinakili DNA, kila nakala hupata nusu ya CENP-A. Mgawanyiko ukiisha, zilizopo huelekeza mpya zijaze pengo. Na kama steji, mahali huweza kusogea: sentromea ya kromosomu ya 11 haikai sehemu ile ile kwa kila farasi.

Hata hivyo herufi si bure. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitumia marudio ya binadamu kuunda kromosomu bandia ndani ya seli, kwa hiyo marudio husaidia sentromea kuanza. Inadhaniwa kwamba sentromea za punda bado ni changa, na marudio hujikusanya baadaye. Katika baadhi yake, DNA ya pale pale imeshaanza kujirudia.