Szczecin: bandari kubwa ya Poland isiyoiona bahari

Meli ya shehena inayokwenda Szczecin humpakia rubani Świnoujście, pale Bahari ya Baltiki inapokutana na nchi kavu, kisha huipa bahari kisogo. Mbele yake kuna kilomita 68 hivi za kuingia bara: kwanza mfereji uliochimbwa na watu, halafu Zalew, ziwa pana la maji ya chumvi kidogo, halafu mto Odra wenye matete kingoni. Zalew lina kina cha mita 4 tu kwa wastani. Meli ambayo sehemu yake iliyo chini ya maji ina kina cha mita 9 hupita humo kwa sababu sakafuni pamechimbwa handaki refu, na maboya yamepangwa pande zote mbili kuonyesha lilipo. Nje ya maboya ni tope.

Wanafunzi wangu wa uendeshaji bandari wakiona ramani hiyo huuliza swali lile lile: ni nani aliyeamua kujenga bandari mahali pa taabu hivi? (Jina nalo huwapa shida. Jaribu "Shchechin", utakuwa umekaribia. Wajerumani waliuita Stettin.) Jibu langu ni kwamba bandari ya mto haitafuti bahari, inatafuta mzigo. Odra ina urefu wa kilomita 854. Inaanzia Czechia, inapita Silesia yenye makaa ya mawe, inapita mashamba ya nafaka, na Szczecin ndipo chombo cha mtoni kinapokutana na chombo cha baharini. Zamani, kila kilomita ambayo mzigo ulisafiri majini badala ya mkokoteni ilikuwa pesa iliyobaki mfukoni.

Barnim wa Kwanza, mtawala wa Pomerania, nchi ya pwani hiyo ya Baltiki, aliupa Szczecin haki za mji mwaka 1243. Baadaye ukajiunga na Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara wa kaskazini. Nafaka na mbao zilishuka na mto; chumvi na samaki wa heringi vikapanda. Mji ulikuwa na haki iliyowaudhi majirani: bidhaa zinazopita lazima zishushwe na kuuzwa hapo kwanza. Frankfurt iliyo juu ya mto huo huo nayo ilidai haki kama hiyo, na miji hiyo miwili ikagombana vizazi na vizazi.

Ukoo wa Loitz, wafanyabiashara wa Szczecin, ulianza na heringi na chumvi ukaishia kuwakopesha wafalme. Mwaka 1572 mfalme Zygmunt August wa Poland alifariki na deni lao halikulipwa. Nyumba ya Loitz ikafilisika, ikawazamisha wengi wa Pomerania walioweka fedha zao humo. Jengo lao bado limesimama mjini, na mimi huliona ndilo somo zuri kuliko jumba lolote la kifalme.

Baada ya Vita vya Miaka Thelathini, Sweden iliuchukua mji mwaka 1648. Prussia, ufalme wa Wajerumani, iliupata mwaka 1720 kwa kulipa sarafu za thaler milioni 2, lakini ikakuta imenunua nyumba bila mlango: njia ya kawaida ya kutokea baharini ilipitia Wolgast, na Wolgast ilibaki ya Sweden, pamoja na ushuru wake. Wakubwa wa Prussia hawakupigana tena. Katika miaka ya 1740 waliifungua njia ya mto Świna na kujenga bandari mpya mdomoni pake, ndiyo Świnoujście ya leo. Kati ya 1875 na 1880 ukachimbwa mfereji wa kukwepa makona ya Świna. Meli zingali zinaupita, ila siku hizi unaitwa Kanał Piastowski.

Reli ya kutoka Berlin ilifika mwaka 1843, na Szczecin ukawa mlango wa bahari wa jiji hilo. Hapo ndipo kiwanda cha meli cha Vulcan kilipokua. Mwaka 1897 kilishusha majini Kaiser Wilhelm der Grosse, meli ya abiria ya kwanza yenye mabomba manne ya moshi, urefu wa karibu mita 200. Mwaka uliofuata, kwa meli hiyo, Ujerumani iliwapokonya Waingereza heshima ya kuvuka Atlantiki kwa kasi kuliko wote. Fikiria: meli ya abiria yenye kasi kuliko zote baharini ilizaliwa mtoni, mwendo wa saa kadhaa kutoka maji ya chumvi. (Ikafia Afrika. Agosti 1914, ikiwa imefungwa mizinga, ilikutwa na manowari ya Waingereza pwani ya Sahara ya Kihispania ikazama huko.)

Mafanikio hayo yenyewe ndiyo yaliyoiponza Szczecin. Kila meli mpya ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia, na Odra haikuongezeka kina. Vulcan ikafungua kiwanda cha pili Hamburg, na meli kubwa kuliko zote, kama Imperator ya mwaka 1912, zikajengwa huko. Kile cha Szczecin kilifungwa mwaka 1928.

Upande wa bara mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mwaka 1914 ulifunguliwa mfereji mpya wa kuunganisha Odra na Berlin, na mwaka 1934 huko Niederfinow ikaongezwa lifti ya matishari inayofanya kazi hadi leo. Tishari huingia kwenye beseni la chuma lililojaa maji, milango hufungwa, na beseni zima hupanda mita 36 kwa dakika 5. Injini zake ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa vizani vyenye uzito sawa na beseni hushuka upande wa pili. Tena haijalishi tishari limejaa au ni tupu. Chombo kinachoelea husukuma nje maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo beseni huwa na uzito ule ule daima. Darasani watu hubisha mpaka niwachoree.

Jeshi la Kisovieti liliuteka mji tarehe 26 Aprili 1945, ukiwa umebomolewa na mabomu. Kwa wiki kadhaa haikujulikana ungekuwa wa nani. Piotr Zaremba, meya wa kwanza Mpoland, alilazimika kuondoka na watu wake mara mbili kabla ya kukabidhiwa rasmi tarehe 5 Julai. Wajerumani wakafukuzwa, na Wapoland wakaja, wengine wakiwa wamepoteza makwao mashariki. Wasovieti walibaki na sehemu kubwa ya bandari kwa muda, wakisafirishia mali walizozichukua Ujerumani. Wanahistoria huzungumza sana juu ya mabadiliko ya watu, nao wana haki. Mtu wa bandari huongeza moja: Berlin, mteja wa miaka mia moja, ilibaki ng'ambo ya mpaka. Szczecin ukageuza uso kusini, kwenye makaa ya Silesia na mizigo ya Czechoslovakia.

Wakati huo meli za uvuvi za Szczecin zilikuwa zikienda hadi pwani ya Afrika Magharibi. Inasimuliwa kwamba mabaharia walionja huko wali wa samaki wenye nyanya na pilipili, wakarudi na habari hiyo. Katika miaka ya 1960 kampuni ya uvuvi ya Gryf ikatoa kopo la samaki waliosagwa na wali, nyanya, vitunguu na pilipili, likaitwa paprykarz szczeciński. Rangi yake ni ya machungwa iliyokolea, na hupakwa juu ya mkate. Mpoland yeyote mtu mzima analijua.

Kiwanda cha meli kilifufuliwa palepale pa Vulcan. Desemba 1970 bei za vyakula zilipopandishwa, wafanyakazi waliingia mitaani na watu 16 wakauawa mjini. Agosti 1980 waligoma tena, safari hii wakibaki ndani ya geti. Serikali ilitia saini nao makubaliano tarehe 30 Agosti, siku moja kabla ya yale ya Gdańsk ambayo dunia inayakumbuka. Soko huria lilipokuja, kiwanda kikafilisika mwaka 2002. Kampuni iliyokirithi nayo ikafungwa mwaka 2009, baada ya Tume ya Ulaya kuamua kuwa ruzuku ilizopewa na serikali hazikuwa halali. Mwaka 2017 wanasiasa walifanya sherehe ya kuweka mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini, wa feri mpya. Feri haikujengwa, na kipande kile cha chuma kikakaa miaka kikipata kutu, wenyeji wakikitania.

Bandari yenyewe haikufa. Pamoja na Świnoujście hupitisha zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka: nafaka, mbolea, makaa, chuma, gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 handaki la chini ya maji lilichimbwa hadi mita 12.5, na tope lililotoka likajenga visiwa viwili vipya katikati ya Zalew, vilivyotengwa kwa ajili ya ndege. Meli za kuzama mita 11 sasa zinafika hadi Szczecin.

Shida iko juu ya mto. Katikati ya Odra, kiangazi kikiwa kikali, maji hupungua mpaka matishari hayapiti, na mizigo ya Silesia huja kwa reli. Wapo wanaotaka mto uchimbwe, wapo wanaosema uachwe. Agosti 2022 mamia ya tani za samaki waliokufa yaliopolewa humo: maji ya chumvi ya viwandani na migodini, joto na kina kidogo vilistawisha mwani wenye sumu, na kila upande ukapata hoja mpya. Miezi miwili baadaye Wajerumani walifungua Niederfinow lifti ya pili, kando ya ile ya 1934, yenye beseni la kutosha matishari makubwa zaidi ya kwenda na kutoka Szczecin.